Uliza Fundi: Saa Huanza Ndege Inapoacha Mkono

Toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu mashindano ya glaida za rimoti tunayofanya upande wa Shanzu. Nilisema ni ndege ndogo isiyo na injini, unazunguka nayo na kuirusha juu kwa mkono, kisha unaiongoza kwa rimoti hadi itue. Sikutarajia barua nilizopata. Kwa miaka yote niliyokaa dukani hapa Kibokoni, Mombasa, nikifungua redio na feni za watu, sijapata kuulizwa maswali mengi hivi juu ya kitu kimoja. Leo nachagua yale ya kanuni, maana ndiyo yanayowatatiza wengi. Tunafuata kanuni za FAI, shirikisho la dunia la michezo ya anga, lililoundwa mwaka 1905 na ambalo makao yake yako Lausanne, Uswisi. Katika vitabu vyao daraja letu linaitwa F3K.

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimetengeneza glaida kwa yale maboksi meupe ya kuwekea samaki. Mabawa yake kutoka ncha hadi ncha ni sentimita 158 na uzito ni gramu 430 pamoja na betri. Je, mtanipokea? – *Kijana wa Mikindani*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa uzito umefaulu, kwa kuwa mwisho ni gramu 600. Kwa mabawa bado: mwisho ni milimita 1500, yaani sentimita 150. Una sentimita nane za kupunguza, basi toa nne kila upande. Usije ukakata upande mmoja kwa kuogopa kuharibu wa pili, ndege itakuwa inalalia ubavu.

Hukuniambia habari ya pua. Kanuni inataka pua iwe ya mviringo, nusu kipenyo chake kisipungue milimita 5. Hapo sisamehi mtu. Ndege ya gramu mia tatu ikija kwa kasi na pua iliyochongoka inatoboa turubai, nimeliona tundu lenyewe kwa macho yangu, na chini ya turubai lile walikuwa wamekaa watoto. Ichonge kwa msasa hadi ukiisukuma kwenye kiganja isikuume.

Jambo jingine si la kanuni ila litakuokolea machozi. Mrushaji hushika kijiti kilichopachikwa kwenye ncha ya bawa la kushoto, au la kulia kwa anayetumia shoto, kwa vidole viwili tu. Mkono unanyooka, mwili unazunguka mzunguko mmoja kama wa mtupa kisahani, halafu unaachia. Uzito wote wa mzunguko ule unaning'inia kwenye kijiti kile. Boksi la samaki peke yake halihimili. Pitisha ufito wa kaboni au wa mwanzi uliokauka vizuri ndani ya bawa kutoka kwenye kijiti hadi katikati, uufunge kwa uzi na gundi, uache ulale usiku kucha.

SWALI: Fundi, assalamu aleikum. Mwanangu alikuja kwenu akarusha ndege yake mpaka watu wakapiga makofi. Alisema alikaa hewani kuliko wote kwenye kundi lake. Lakini kwenye karatasi ameandikiwa sifuri. Amerudi nyumbani hali chakula. Si mgomvi mimi, nataka tu kuelewa: mtoto aliyekaa juu muda mrefu kuliko wenziwe huandikiwaje sifuri? – *Mama wa Likoni*

JIBU: Waaleikum salaam, mamangu. Saa ile ilikuwa mkononi mwangu, na sifuri ile niliiandika mimi. Kwa hivyo nakujibu kama niliyekuwepo.

Mchezo wao siku ile ulikuwa ule wa mruko wa mwisho. Honi inalia, dakika zinaanza kuhesabika, na kila mmoja anaruhusiwa kurusha mara nyingi apendavyo. Ila unaohesabiwa ni mruko wake wa mwisho tu, na hauhesabiwi zaidi ya dakika 5. Ukirusha upya, ule wa kabla umefutika hata kama ulikuwa mzuri. Ndiyo maana unawaona wengine wamesimama na ndege mkononi wakitazama mbingu. Wanajiuliza kama walichonacho kinatosha au wakiachilie wajaribu tena.

Mwanao alikuwa na dakika 2 na nusu. Akaona mwewe anazunguka juu ya minazi bila kupiga bawa, akajua pale pana hewa ya moto inayopanda. Zimebaki dakika 5 na kidogo. Akarusha. Mamangu, nimewaona wengi wakirusha, lakini vile alivyoipeleka ndege yake chini ya yule mwewe na kuanza kuzunguka naye, hata mimi niliacha kuhema. Ndege ikapanda mpaka ikawa kama kipande cha karatasi. Na upepo wa bahari ulikuwa ukiisogeza kidogo kidogo kuelekea bara.

Honi ya mwisho inapolia, mruko unaacha kuhesabiwa pale pale. Lakini ndege iliyo hewani hupewa sekunde 30 za kurudi na kutua ndani ya kamba ya mpaka wa uwanja. Ikichelewa zaidi ya hapo, mruko huo ni sifuri. Nilianza kumhesabia zikiwa zimebaki dakika mbili. Nilimwambia, “Teremka sasa, mwanangu, upepo utakupinga.” Yeye alitaka zile dakika 5 ziwe kamili. Honi ikalia ndege ikiwa mbali nyuma ya minazi. Nikahesabu kwa sauti: ishirini, kumi na tano, kumi, tano. Ilipita juu ya kamba ikagusa nyasi kwenye sekunde ya 34. Kwa kuwa ulikuwa ndio mruko wa mwisho na ndio pekee unaohesabiwa, hakikubaki kitu cha kuandika. Ungekuwa mchezo mwingine, kwa mfano ule wa kurusha mara sita na kuhesabiwa miruko mitatu mirefu, angepoteza mruko mmoja tu na mingine ingesimama.

Utasema sekunde nne ni nini. Kundi linalofuata limeshasimama pembeni, ndege zao ziko tayari, nao wanasubiri kuingia uwanjani. Ndege iliyochelewa inakuja chini, kwa kasi, mrushaji wake ana haraka na hatazami watu. Zile sekunde 30 ndizo zinazotenganisha kundi na kundi. Nikimpa mwanao nne leo, kesho nitamnyima nani sita?

Nakwambia na jambo ambalo silisemi mara kwa mara. Miaka ya nyuma niliwahi kumshikia saa rafiki yangu. Ndege yake ilikuwa inakaribia chini, mimi nikainamisha macho kutazama namba. Nilipoinua, ndege ilikuwa imeshalala. Sikujua imegusa lini. Nikabonyeza, nikaandika nilichokiona kwenye saa. Akashinda kwa sekunde 2. Aliyekuwa wa pili alikuja kunipa mkono, na mkono ule nilikwenda nao nyumbani. Baada ya siku tatu nilikwenda kwa wote wawili nikawaeleza. Tangu siku hiyo macho yangu hayatoki kwenye ndege. Kidole kinajua kitufe kilipo, namba nitazisoma baadaye.

Kwa hivyo wanaponiuliza kanuni gani ni kubwa, nawaambia hii: saa huanza ndege inapoacha mkono wa mrushaji, na husimama inapotua, au mrushaji mwenyewe anapoidaka. Haianzi unapoona imeshapanda. Na anayeshika saa mara nyingi ni mshindani mwenzako wa kundi jingine. Mtu anayetaka kukushinda ndiye anayekuhesabia. Mchezo wote umesimama juu ya uaminifu wa kidole chake.

Mwambie mwanao ndege yake ya siku ile mimi sijaisahau. Na ajifunze kuteremsha: ashushe breki za mabawa mapema, arudi akiwa bado na urefu wa kupambana na upepo. Akiniamkia Jumapili nitakaa naye kwa hilo tu.

SWALI: Fundi, hapa pana dhuluma. Asubuhi kwenye kundi langu nilipata sekunde 512. Mchana jamaa wa kundi jingine alipata 340. Mwishoni yeye ana alama nyingi kuliko mimi! – *Mwanafunzi wa Changamwe*

JIBU: Tulia, mwanangu, tupige hesabu pamoja. Sekunde hazijumlishwi moja kwa moja. Katika kila kundi, aliyepata nyingi hupewa alama 1000, na wengine hupimwa kwake. Kundi lako la asubuhi lilikuwa na mtu aliyepata sekunde 583. Yeye 1000. Wewe ni 512 gawanya kwa 583 mara 1000, yaani 878.2. Jamaa wa mchana alikuwa wa kwanza kundini mwake na zile 340. Basi naye ni 1000.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu hewa ya saa nne asubuhi si hewa ya saa tisa mchana. Asubuhi jua limeshapasha ardhi, upepo wa bahari haujafika, hewa ya moto inapanda kila upande. Mchana upepo unaingia kutoka baharini ukiwa mpoa na mzito, unazifagia zile hewa, na ndege inashuka kama jiwe. Mtu asiadhibiwe kwa kuwa jina lake limetoka mchana. Kinachopimwa ni umefanya nini kuliko waliokuwa na hewa ile ile uliyokuwa nayo. Kwa hiyo hiyo makundi huchanganywa upya kila raundi, ukutane na watu tofauti. Na raundi zikifika tano au zaidi, ile uliyofanya vibaya kuliko zote huondolewa. Adhabu haiondoki nayo lakini. Ukikatwa alama kwa kosa la usalama, zinabaki zimekatwa hata kama raundi yenyewe imefutwa.

Na 583 ile nataka uielewe ilivyopatikana, maana ndipo ulipopitwa. Mchezo ulikuwa wa dakika moja, mbili, tatu na nne. Unazitimiza kwa mpangilio wowote, na muda wote ni dakika 10. Jumlisha: moja na mbili na tatu na nne ni kumi. Haibaki hata sekunde moja ya ndege kukaa mkononi! Kwa hivyo hakuna anayepata zote 600. Kinachoshindaniwa ni nani amepoteza chache. Mwenzio aliruka sekunde 235, akadaka, akarusha. 170, akadaka, akarusha. 124, na mwisho 58. Ile 124 ilihesabiwa 120 kwa sababu lengo lilikuwa dakika mbili, zile nne zilipotea bure. Jumla 583. Angalia tena: mara tatu alizodaka na kurusha, zote pamoja zilimla sekunde 13. Wewe uliitua ndege kwenye nyasi kila mara ukaifuata ukikimbia, ukaiokota, ukapangusa, ukazunguka. Nilikuhesabia moja ya safari zile, ilikuwa sekunde 19.

Jizoeze kudaka. Ilete kifuani ikikutazama, iinue pua kidogo ipunguze kasi, iache bawa lije kwenye mkono wa kurushia. Vidole vikishakamata kijiti, mguu uwe umeshaanza kuzunguka.

SWALI: Kwa nini msifanye mashindano pale Jomo Kenyatta, Bamburi? Bahari ikipwa ufuo ni mpana, watu wataona, mchezo utajulikana. – *Msomaji wa Kongowea*

JIBU: Nia yako ni njema, lakini hapana. Jumapili pale pana watoto, ngamia, wauza mabuyu na wenye maboya. Kanuni inataka tuwe na mipaka ya kurushia na kutulia, na mtu asiyehusika asiwe ndani. Pale huwezi kumwambia mtu asipite.

Hata pangekuwa patupu, mchanga ule ni adui. Nimeletewa dukani ndege iliyotua ufuoni mara moja. Nikafungua sevo, ile mota ndogo inayovuta usukani wa mkia. Gia zake ni za plastiki, meno yake membamba kuliko punje ya wimbi. Chembe tatu za mchanga zilikuwa zimekaa katikati ya meno, na chumvi imeshaanza kuacha ukungu mweupe kwenye waya. Na juu ya maji mchana hewa haipandi, ule upepo wa bahari ni laini tu. Hewa inayobeba utaipata ukiingia bara kidogo, kwenye nyasi zilizokauka, paa za mabati na lami.

La mwisho ndilo la kwanza kwa umuhimu. Mbele ya sheria, ndege ya rimoti ni ndege isiyo na rubani, na mwenye kauli juu yake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, kwa kanuni za mwaka 2020. Tunaomba ruhusa kabla ya kutangaza siku. Tuna uwanja wa kimataifa pale Port Reitz, ndege kubwa zinashuka juu ya vichwa vyetu, na hatuendi kuchezea njia yao. Urefu usizidi futi 400, kama mita 120. Mrusho mzuri wa mkono haufiki hapo, lakini ukiingia kwenye hewa inayopanda utafika upesi, na hapo msaidizi wako akwambie uteremke. Wanaorusha glaida kisiwani kwenye viwanja vya mpira bila kumwuliza mtu, nawasihi waache.

SWALI: Nina glaida yenye mota ya umeme mkiani. Naweza kuja nayo? – *Fundi mwenzako, Mtwapa*

JIBU: Siyo kwetu, ndugu yangu, hiyo ina daraja lake, F5J. Huko mabawa yanafika mita 4, mota inaruhusiwa kuwaka mara moja tu kwa muda usiozidi sekunde 30, na ndani ya ndege kuna kifaa kinachorekodi umefika urefu gani. Unapata alama moja kwa kila sekunde, unakatwa nusu alama kwa kila mita uliyopanda kwa mota hadi mita 200, na juu ya hapo unakatwa tatu kwa kila mita. Aliyeizima mota kwenye mita 120 amekatwa 60. Aliyekwenda mpaka 210 amekatwa 130. Naupenda mchezo ule kwa kuwa unamlipa mwenye kuthubutu kuzima mapema. Lakini ukitazama namba zile na futi 400 nilizozitaja utaona kwa nini sisi tulianza na wa mkono.

SWALI: Mzee mwenzangu, rimoti yangu ni ya zamani, ya kubadilisha kristali. Vijana wameikataa. – *Wa Kizingo*

JIBU: Wamefanya sawa, usiwakasirikie. Kwa rimoti zile kristali ndiyo inayoamua masafa, na wawili wakiwasha kwenye masafa mamoja ndege zote mbili zinaanguka. Zamani rimoti zilikusanywa mezani, na huwashi mpaka umepewa kibanio chenye namba ya masafa yako. Sasa wote wako kwenye 2.4 GHz, kila rimoti imefunganishwa na risiva yake, kile kipokezi cha ndani ya ndege, nayo haimsikii mwingine. Njoo nayo dukani. Tutatoa matumbo yake tuweke moduli mpya, ule mwili na vile vijiti ulivyovizoea vibaki.

SWALI: Ndege yangu ilinasa kwenye mnazi sekunde chache kabla ya honi. Je, muda wangu unahesabiwa? Nilipomgonga mwenzangu hewani kabla ya hapo, nilistahili kurudia? – *Binti wa Kisauni*

JIBU: Mnazi ule uko nje ya kamba, mwanangu, basi mruko huo ni sifuri. Ingekuwa imeanguka ikalala nusu ndani nusu nje, ningeihesabu: ikishatulia, ukiitazama kutoka juu na sehemu yake yoyote iko ndani ya mpaka, ni halali. Nimewahi kupiga magoti nikakuta ncha ya mkia tu ndiyo iliyovuka kamba, upana wa kidole, na nikaandika muda wote.

Kugongana hewani hakuna kurudia wala adhabu. Kama ndege yako imepona unaendelea, kama imevunjika unachukua ya akiba. Ndiyo maana nawashauri mje na mbili.

Na usipande mnazi mwenyewe, wala usirushe mawe. Tuna mkwezi wetu, yuko kila Jumapili, anapanda na kikapu na kuiteremsha bila kuvunja mkia. Yako ameiteremsha jioni ile ile baada ya wewe kuondoka. Bawa la kulia limechanika kama inchi mbili karibu na kijiti, mengine yote ni mazima. Nimeitundika ukutani dukani, karibu na feni, usiitafute kwingine. Gundi ninayo, uzi ninao. Njoo na karatasi ya msasa namba 400, yangu imekwisha.